Wagonjwa wa kisukari na presha waulizwe pia wanavyolala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu wagonjwa wa kisukari ambao sukari yao haishuki pamoja na kwamba wanatumia dawa. Makala mliyoichapisha hivi karibuni ilieleza vizuri madhara ya ugonjwa huo kwa macho, figo na miguu, na ninaishukuru. Lakini mwandishi alipofikia sababu za dawa kutofanya kazi, alitaja mbili tu: mgonjwa kuruka dozi, na mgonjwa kula kwa siri vile alivyokatazwa. Mimi ni muuguzi mstaafu, niliyehudumu kwa miaka mingi katika kliniki za kisukari na presha mkoani Tanga, na siwezi kukubali kwamba sababu zinaishia hapo. Iko nyingine inayotupita kwa kuwa hutokea usiku, mgonjwa mwenyewe akiwa hana habari, nayo ni kukatika kwa pumzi usingizini, ambako wataalamu hukuita apnia ya usingizi.

Ugonjwa wenyewe si mgumu kuueleza. Mtu anapolala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa mwenye njia nyembamba ya hewa, iwe ni kwa sababu ya mafuta yaliyojazana shingoni na kwenye ulimi, au umbile la taya, au tezi za koo zilizovimba, kulegea huko huibana njia hiyo au kuiziba kabisa. Kifua na tumbo huendelea kuvuta lakini hewa haiingii, oksijeni hupungua katika damu, mpaka ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache asizozikumbuka asubuhi. Hapo huvuta hewa kwa kishindo, hurudi usingizini, na yote huanza upya. Pumzi iliyosimama huhesabiwa kuwa apnia ikiwa imekatika kwa sekunde 10 au zaidi, na zile nyakati ambazo hewa imepungua sana bila kukatika nazo huhesabiwa. Anayepatwa na hali hiyo mara 5 hadi chini ya 15 kwa saa husemwa ana ugonjwa mdogo, mara 15 hadi chini ya 30 ugonjwa wa kati, na mara 30 au zaidi ugonjwa mkali. Maana yake ni kwamba mwenye ugonjwa mkali, akilala saa 7, amekabwa zaidi ya mara 200 kabla ya adhana ya alfajiri.

Kila anapokabwa, mwili hujibu kama uliovamiwa. Homoni za kukabili hatari, zikiwamo adrenalini na kotisoli, humwagwa, moyo hukimbia, presha hupanda, ini hutoa sukari iliyoihifadhi, na seli hupunguza usikivu wake kwa insulini. Presha ambayo kwa watu wengi hushuka usiku na kuupumzisha moyo, kwa mtu huyu haishuki inavyopasa. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kumeza vidonge vyake vyote, akaacha sukari na soda, akapunguza ugali na wali, na bado kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikarudi kibaya. Akija kliniki huambiwa anadanganya. Nimewaona watu wazima, wazee wenye wajukuu, wakitoka chumba cha daktari wameinamisha vichwa kwa tuhuma hiyo, na jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu hakuna aliyewauliza swali hata moja kuhusu usiku wao.

Si kwamba dunia haikulijua hili. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa tamko mwaka 2008 likiwataka wahudumu wa afya wafikirie apnia kila wanapomhudumia mwenye kisukari cha aina ya pili, na wafikirie kisukari kila wanapomhudumia mwenye apnia. Mwaka uliofuata, utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 306 wenye unene na kisukari cha aina ya pili ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 86 kati yao walikuwa na apnia ya kiwango fulani. Sisemi kwamba Tanga itatoa idadi ileile, maana wale walikuwa watu wanene sana na wengi wa wagonjwa wetu sivyo walivyo. Ila utafiti wa taifa wa mwaka 2012 uliwakuta na kisukari watu wazima 9 hivi katika kila 100 hapa Tanzania, na wenye presha takribani robo ya watu wazima. Hata kama ni sehemu ndogo tu ya hao wanaokatika pumzi usiku, ni umati mkubwa wa watu tunaowapa dawa bila kujua nusu ya habari zao.

Kinachotukwamisha kwanza ni jinsi tunavyokuchukulia kukoroma. Kwetu pwani mtu akikoroma tunasema amechoka, analala usingizi wa pono, na watoto wanaambiwa wasimwamshe. Kumbe mtu huyo huenda hajalala kabisa kwa maana ya kupumzika. Na anapokurupuka katikati ya usiku akitweta, amejishika koo, wapo wanaosema amekaliwa na jinamizi, akatafutiwa kombe na hirizi. Sina nia ya kubeza imani ya mtu. Ninachoomba ni kwamba, pamoja na dua, habari hiyo ifikishwe pia kliniki.

Mke wa jirani yangu mmoja, ambaye mumewe ana kisukari na presha, alinieleza hali hiyo vizuri kuliko kitabu chochote nilichosomea. Aliniambia: "Dada yangu, mimi silali. Akikoroma ninapumzika, kwa sababu najua yu hai. Akinyamaza ndipo ninapokaa kitandani namsikiliza kama pumzi inarudi." Nilimwomba siku moja amrekodi mumewe kwa simu, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, dakika chache tu. Katika video hiyo anaonekana mzee amelala chali, tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu, kinywa ki wazi, na hakuna sauti yoyote isipokuwa ya feni. Kisha mwili mzima unatikisika na pumzi inaingia kwa mkoromo mmoja mkubwa. Daktari aliyeonyeshwa video ile hakuhitaji maelezo marefu kuamua kwamba mgonjwa huyu anastahili kupimwa. Mzee alikuwa amehudhuria kliniki kwa miaka, na mkewe, shahidi pekee, alikuwa akiachwa nje kwenye benchi.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliomba: anayelala chumba kimoja na mgonjwa aingizwe ndani na aulizwe. Mgonjwa hawezi kushuhudia usingizi wake mwenyewe. Kwa wajane na wanaoishi peke yao, mtoto au mjukuu anayelala nyumba hiyo anaweza kusaidia.

Dalili nyingine zinazopotea kliniki ni zile zinazofanana na za kisukari chenyewe. Kukojoa usiku ni mfano mzuri. Mgonjwa akisema anaamka mara tatu au nne kwenda chooni, jibu la haraka ni kwamba sukari iko juu. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtu anapovuta pumzi dhidi ya koo lililoziba, vyumba vya moyo hutanuka, na moyo hutoa homoni inayoziamuru figo zitoe chumvi na maji. Kwa hiyo mgonjwa ambaye sukari yake ya asubuhi ni ya kuridhisha na bado anaamka kukojoa kila baada ya saa mbili, hapaswi kuambiwa tu apunguze maji jioni. Vivyo hivyo kwa kuumwa kichwa asubuhi, kinywa kukauka, kusahausahau, hasira za ghafla, na kupungua kwa nguvu za kiume, ambako kila mtu hukutupia kisukari lawama.

Wanawake wanahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee. Wengi wao hawakoromi kwa kishindo, na hata wakikoroma huona haya kusema. Hulalamika uchovu, kukosa usingizi, mwili mzito na huzuni, wakapewa vidonge vya usingizi, ambavyo vingine huzidi kuilegeza misuli ya koo na kuongeza tatizo. Hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma, na iko pia kwa wasichana wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, ambalo nalo ni tatizo la homoni na insulini. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akisinzia kwenye benchi la kliniki, kadi yake mkononi, jina likaitwa mara ya kwanza na ya pili mpaka jirani akamgusa bega. Tulicheka wote, na yeye akacheka. Kwa ninavyojua leo, mtu anayesinzia saa tatu asubuhi katika kelele za kliniki anahitaji kuchunguzwa, na si kuchekwa.

Tezi ya thairoidi nayo isisahauliwe. Ikipunguza kazi, ulimi huweza kuvimba, misuli hudhoofu na uzito huongezeka, na rovu kubwa linaweza kuibana njia ya hewa. Hapo kipimo cha damu ni cha lazima kabla ya mambo mengine, maana tiba ya tezi inaweza kupunguza tatizo.

Sasa, tunawezaje kupima katika mji wetu na wilaya zetu? Hatua ya kwanza haihitaji mtambo. Ipo hojaji iitwayo STOP-BANG, iliyochapishwa mwaka 2008 na madaktari wa Toronto, Kanada, waliokuwa wakitafuta njia ya kuwatambua wagonjwa walio hatarini kabla ya kupewa nusukaputi. Ina mambo manane: kukoroma kwa nguvu, uchovu wa mchana, kushuhudiwa pumzi ikikatika, presha, uwiano wa uzito na urefu (BMI) unaozidi 35, umri unaozidi miaka 50, shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 40, na kuwa mwanamume. Jibu la ndiyo ni alama moja. Mwenye 0 hadi 2 hatari yake ni ndogo, 3 hadi 4 ya kati, na 5 hadi 8 kubwa. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima shingo, na muuguzi anaweza kumaliza kazi yote wakati mgonjwa akisubiri kupimwa presha.

Hata hivyo hojaji hiyo ina udhaifu ambao katika kliniki zetu utaonekana mapema. Mwanamume mwenye miaka 55 na presha ameshapata alama tatu kabla hajaulizwa lolote kuhusu usingizi. Ukiitumia bila busara utawapeleka karibu wote kwenye rufaa, na rufaa zitafurika. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ushahidi wa anayelala naye na usinziaji wa mchana upewe uzito zaidi hapa kwetu. Kuna kipimo kingine cha usinziaji kinachojulikana kwa jina la Epworth, kilichotungwa Australia mwaka 1991, ambacho humuuliza mtu uwezekano wa kusinzia katika hali nane na kutoa alama hadi 24 kwa jumla. Zaidi ya 10 ni dalili ya usinziaji uliozidi. Ila kimojawapo cha hali hizo ni kuwa ndani ya gari lililosimama kwa foleni, na kingine ni kusoma. Bibi wa Pangani asiyesoma wala kuendesha gari atajibu nini? Aulizwe kama husinzia barazani watu wakiongea, ndani ya daladala, au akisikiliza mawaidha. Kazi ya kuzirekebisha hojaji hizi kwa maisha yetu, na kuzijaribu kabla ya kuzitumia, ingefaa ifanywe na vyuo vyetu vya afya.

Tena hojaji haitoshi kusema mtu ana ugonjwa. Wataalamu wa usingizi wa Marekani waliliweka wazi hilo katika mwongozo wao wa mwaka 2017: maswali peke yake yasitumike kuthibitisha. Kipimo kamili ni kulala usiku mmoja katika maabara ya usingizi, ambapo hurekodiwa mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na misuli, hewa ya puani, jitihada za kifua na tumbo, mapigo ya moyo na oksijeni. Kwa mtu mzima anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kati au mkali, na asiye na maradhi mengine mazito ya moyo, mapafu au neva wala historia ya kiharusi, kifaa kidogo cha kurekodi nyumbani kinakubalika. Kikitoa jibu la kuwa hana tatizo ilhali dalili ni nzito, mgonjwa apelekwe maabara, kwa kuwa kifaa hicho hugawanya matukio kwa saa zote za kurekodi, hata zile alizokuwa macho, na hivyo kinaweza kupunguza ukubwa wa ugonjwa.

Pale ambapo hata hicho hakipo, iko oksimeta, kile kifaa cha kubana kidoleni tulichokizoea wakati wa UVIKO-19. Hapa ninaomba wenzangu wawe waangalifu. Oksimeta ikionyesha oksijeni asilimia 97 saa nne asubuhi haituambii chochote kuhusu saa nane usiku. Inayohitajika ni ile inayorekodi usiku kucha, ili daktari aone kama oksijeni inashuka na kupanda mfululizo. Aidha, vifaa hivi hupitisha mwanga kwenye ngozi, na kwa watu wenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulijitokeza karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Na kwa mama zetu wa pwani, piko jeusi vidoleni na rangi nzito ya kucha vinaweza kuuzuia mwanga huo, basi kichaguliwe kidole kisichopakwa. Matokeo mabaya ya oksimeta ni sababu ya kuendelea na uchunguzi. Matokeo mazuri yasiwe sababu ya kuufunga.

Mgonjwa mwenye unene mkubwa aangaliwe pia kama hewa chafu (kabonidioksidi) inajikusanya katika damu hata mchana, hali iliyo hatari zaidi kuliko apnia ya kawaida. Kipimo cha bikaboneti katika damu kinasaidia: ikiwa chini ya milimoli 27 kwa lita, hali hiyo haielekei kuwapo; ikiwa 27 au zaidi, atafutiwe kipimo cha gesi za damu.

Najua wapo watakaouliza kuna faida gani ya kumtambua mtu ikiwa tiba ni ghali. Ni swali la haki. Mashine ya kusukuma hewa puani kupitia barakoa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney mwaka 1981, bado ndiyo tiba kuu, na inahitaji fedha na umeme usiokatika. Wala sitawaahidi wagonjwa kwamba mashine hiyo itaiponya sukari yao, kwa sababu tafiti za jambo hilo hazikubaliani. Baadhi zimeonyesha sukari kushuka kidogo, nyingine hazikuona tofauti. Kwenye presha sugu msaada upo, ingawa wa kiasi. Lakini usinziaji hupungua, na kwa dereva wa lori au basi linalopita Segera usiku, kupungua huko kunagusa maisha ya abiria pia.

Tena si kila tiba inasubiri mashine. Kulala ubavu badala ya chali huwasaidia wengi. Kuacha pombe jioni na kuacha kujinunulia vidonge vya usingizi kwenye maduka ya dawa hakugharimu kitu. Uzito ukipungua kwa asilimia 10, idadi ya kukatika kwa pumzi hupungua kwa takribani robo. Tangu Desemba 2024 ipo hata dawa ya sindano ya kupunguza uzito, tirzepatidi, iliyoidhinishwa Marekani kwa wenye unene na apnia ya kati au kali. Kwa bei yake ya sasa si ya wengi wetu, lakini inaonyesha jinsi magonjwa haya mawili yalivyofungamana. Na mgonjwa anayejua kwamba ana tatizo hili atamwambia daktari kabla ya upasuaji, jambo linaloweza kumwokoa mezani.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa afya wa mkoa wetu waongeze mistari michache katika kadi ya kliniki ya kisukari na presha: anakoroma, anakatika pumzi, anasinzia mchana, mzunguko wa shingo. Isijazwe kila mwezi. Mara moja kwa mwaka inatosha, na tena kila daktari anapotaka kuongeza dawa ya tatu ya presha au kuhamia insulini. Hospitali ya Bombo, ikiwa ndiyo ya rufaa ya mkoa, ipatiwe angalau vifaa vya kurekodi usiku vinavyoweza kuazimwa na kurudishwa, ili mgonjwa wa Lushoto au Handeni asilazimike kusafiri hadi Dar es Salaam kwa usiku mmoja wa kipimo. Na wanaopanga mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 walifikirie suala la vipimo na mashine hizi kwa wenye ugonjwa mkali.

Wapo wauguzi wastaafu katika mji huu, nami nikiwa mmojawao, walio tayari kukaa siku za kliniki na kuwauliza wagonjwa na wenza wao maswali hayo kwa Kiswahili cha kueleweka. Tunachosubiri ni ruhusa ya wakuu wa vituo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.